Chakula cha viwanja vya sikukuu: mapambo yameongezeka, uaminifu je?



Idi iliyopita, hapa Usevya, tuliwapeleka watoto uwanjani kama ilivyo ada. Bembea zilikuwepo, maputo yalikuwepo, na mabanda ya chakula yalikuwa mengi kuliko miaka ya nyuma. Usiku ule mtoto wetu mmoja alitapika hadi alfajiri. Baada ya Alasiri alikuwa amekula wali uliopikwa asubuhi.

Zamani wauzaji wa uwanjani walikuwa kina mama wa mtaani. Mchele ulikuwa wa bonde letu la Rukwa, sufuria ndogo. Ukiisha, unapikwa mwingine. Siku hizi wengi huja kutoka mbali, huuza siku mbili, kisha huondoka. Viti ni vizuri na miavuli ina rangi, lakini mafuta ya chipsi yamekuwa meusi kabla ya Adhuhuri, na mahali pa kunawa mikono hapaonekani.

Si kwetu tu. Tuliwahi kufika Forodhani, Unguja, enzi meza za chakula zilipomulikwa kwa karabai. Mwaka 2009 bustani ile ilifunguliwa upya baada ya ukarabati uliosimamiwa na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan, ikapata njia nzuri, taa na ukuta imara wa bahari. Tuliporudi tulifurahi kuyaona hayo. Lakini kwenye meza moja pweza alikuwa amekwisha kuchomwa mapema, akirudishwa motoni kila alipofika mteja. Hatua chache mbele, kijana mmoja alikuwa akitandaza unga, akiweka nyama na yai, na kukaanga mbele ya macho yetu. Wenyeji walijipanga kwake. Bustani ni moja na taa ni zile zile. Kilichotofautiana ni mkono wa muuzaji.

Anayemuuzia jirani atakayerudi kesho huogopa aibu. Anayemuuzia mpita njia hana wa kumwogopa ila Mola wake. Tunakumbuka Mtume (S.A.W.) alivyoingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini pamelowa, akamuuliza mwenye mali kwa nini hakukiweka juu kilicholowa ili watu wakione. Sufuria iliyofunikwa tangu asubuhi ni rundo lile lile.

Nasi hatuwezi kujitoa lawamani. Tuliikagua bembea kama imefungwa vizuri, sufuria hatukuifunua. Yafaa wazazi tujue kwamba wali uliokaa vuguvugu kwa saa nyingi huweza kuzalisha sumu ambayo kuupasha moto hakuiondoi. Mtoto na anunuliwe kinachotoka motoni, au tubebe chakula cha nyumbani.

Kwa kamati zetu za sikukuu tuna ombi moja: kabla ya kugawa nafasi za mabanda, ziweke mapipa ya maji yenye koki na sabuni, na zimtake kila muuzaji apike kidogo kidogo mbele ya wateja. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya maputo. Muuzaji mwaminifu atalipokea kwa furaha, na asiyelitaka tutakuwa tumemjua mapema, kabla mtoto hajashika sahani.

Wabillahi tawfiq.