Kabla ya Trekta, Tuulize Maji

Mwenzangu mmoja katika kazi ya ualimu, aliyestaafu akiwa na umri wa miaka 60 kama sheria itakavyo, alinijia nyumbani hapa Buna jioni moja baada ya swala ya magharibi. Mkononi alikuwa na karatasi ya matangazo iliyokunjwa mara nne. Aliikunjua juu ya mkeka kwa uangalifu wa mtu anayefungua hati ya kiwanja. Ndani mlikuwa na picha za matrekta madogo, mekundu na ya buluu, kila moja na bei yake chini. “Mwalimu,” akaniambia, “kiinua mgongo kimeingia. Nina ekari mbili nyuma ya nyumba. Nichagulie trekta.”

Sikumjibu usiku ule, kwani fedha ya kiinua mgongo huja mara moja tu maishani, na ushauri mbaya kuhusu fedha hiyo haufutiki kwa kuomba radhi. Naandika leo kwa kuwa najua hayuko peke yake. Baada ya ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, familia nyingi za Wajir zilizopoteza ng’ombe na mbuzi wao zimeanza kuutazama udongo kwa macho mapya. Mfugaji anataka kulima, na mwalimu mstaafu anataka kulima. Hilo ni jema. Swali ni kama mlango wa kuingilia kilimo ni trekta.

Tuanze kwa kuzitendea haki mashine zenyewe. Kwa shamba la nyumbani, mnunuzi huletewa aina mbili. Ya kwanza ni trekta la magurudumu mawili, ambalo mwendeshaji hutembea nyuma yake akilishika mikono miwili. Ndugu zetu wa Tanzania huliita pawatila. Kwa kawaida lina injini ya dizeli ya silinda moja, yenye nguvu za farasi kati ya 8 na 16. Ya pili ni trekta dogo la magurudumu manne, lenye kiti, ambalo nguvu zake huanzia farasi 20 hivi. La kwanza lina bei nafuu na hunywa mafuta kidogo, lakini humchosha mtu. Katika ardhi kavu hurukaruka na kumvuta mwendeshaji huku na huku, na mzee wa miaka 60 hana budi kulifikiria jambo hilo. La pili humpumzisha mtu, lakini bei yake ni kubwa mara kadhaa, na huweza kupinduka likaua likiendeshwa kwenye mteremko bila fremu ya kumkinga dereva.

Mpaka hapo mtu angeweza kudhani kwamba uamuzi ni wa kupima bei na nguvu. La hasha! Kuna hesabu nyingine ambayo karatasi ya matangazo haiitaji, nayo ni hesabu ya maji. Nawaomba wanafunzi wachukue kalamu.

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huwa lita moja ya maji. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000. Sehemu kubwa ya Wajir hupata mvua ya wastani wa milimita 250 hadi 300 kwa mwaka mzima, tena ikiwa imegawanyika katika misimu miwili: ile ya Aprili na Mei, na ile ya Oktoba hadi Desemba. Tuseme msimu mmoja mwema hutupa milimita 150. Ekari moja basi hupokea lita 600,000. Mahindi huhitaji milimita 500 hivi ili yakomae vizuri, yaani lita 2,000,000 kwa ekari. Pengo ni lita 1,400,000. Ukiliziba pengo hilo kwa mkokoteni wa punda wenye mapipa mawili ya lita 200, utahitaji safari 3,500. Ukifunga tela lenye tangi la lita 1,000 nyuma ya trekta jipya, utahitaji safari 1,400, yaani safari 14 kila siku kwa siku 100, kwa ekari moja tu. Je, ni kisima gani cha Buna kitakachoruhusu hayo huku ngamia wa watu wamepanga foleni?

Kwa hiyo kinachopungua nyuma ya nyumba ya mwenzangu ni maji. Jembe halijapungua, na nguvu za farasi hazijapungua. Trekta hulima, lakini haliwezi kunyesha.

Je, tukate tamaa? Hapana. Maji yapo, ila hayakai. Kila aliyewahi kusimama mlangoni mvua kubwa inaponyesha hapa ameona jinsi ardhi ngumu inavyoyakataa maji yakatiririka kuelekea bondeni na kupotea. Wakulima wa nchi kavu, tangu zamani na katika mabara mengi, wameugeuza ugumu huo kuwa faida. Hupanda sehemu ndogo tu ya shamba, na sehemu kubwa huiacha tupu na ngumu ili iwe kama paa la kuyakusanya maji na kuyamwaga palipopandwa. Tufanye hesabu tena. Kila mita moja iliyopandwa ikinyweshwa na mita tatu zisizolimwa, na tukikadiria kwamba nusu ya mvua ya mita hizo tatu hutiririka, basi mmea utapata milimita 150 zake pamoja na 225 za jirani, jumla 375. Hapo mahindi bado yatateseka, lakini mtama una matumaini, na kunde na pojo zaidi.

Angalieni basi maana yake. Katika ekari mbili, mwenzangu anapaswa kupanda nusu ekari tu. Ekari moja na nusu iliyobaki haipaswi kuguswa na plau kamwe, kwani ukiilainisha utakuwa umelitoboa paa lako mwenyewe. Trekta lililonunuliwa ili kulima lote litaondoa kile kinachoinywesha mimea. Na nusu ekari haihitaji trekta. Yahitaji jembe, sururu, vijana wawili na matuta ya nusu mwezi yaliyopangwa kwa kufuata mwinamo wa ardhi.

Atakayeona kwamba nazidisha mambo na asome habari za Kongwa, katikati ya Tanzania. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha huko mradi wa karanga uliokusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Matrekta yalikusanywa kutoka pembe mbalimbali za dunia, na hata vifaru vya vita vilibadilishwa vikawa matrekta. Ardhi ya Kongwa ilipokauka iliganda kama tofali na kuzivunja zana, na mvua haikuja kama ilivyoandikwa katika mipango. Mradi ulifungwa mwaka 1951, nao ulikuwa umemeza pauni zipatazo milioni 36. Waliouanzisha walikuwa watu wenye elimu na fedha nyingi. Kosa lao lilikuwa kuchagua mashine kabla ya kuiuliza ardhi. Serikali kubwa ilisahau hasara ile ikaendelea na shughuli zake. Mwalimu mstaafu hawezi kuisahau yake.

Najua nitajibiwa kwamba vijana wa siku hizi hawataki jembe la mkono, na kwamba mashine itawavuta shambani. Kuna ukweli katika hoja hiyo, wala simlaumu kijana anayekataa kuvunjika mgongo kama babu yake. Lakini kijana huvutwa na mavuno. Trekta lililosimama chini ya mgunga, magurudumu yametobolewa na miiba na chujio la hewa limejaa vumbi, halimvuti mtu yeyote. Ekari mbili hulimwa kwa siku mbili au tatu, na zinazobaki za mwaka mashine hulala tu. Ubovu ukitokea, kipuri kitatoka Nairobi, nayo mvua haimngojei dereva wa basi aliyekibeba.

Sisemi kwamba trekta dogo halina mahali pake katika nchi hii. Kikundi cha jamaa kumi au kumi na watano wanaweza kununua moja na kulipa kazi ya mwaka mzima. Wakifanya hivyo, nawashauri wachague kwa vigezo vinne. Kwanza, injini yake iwe ya aina ambayo fundi wa hapa anaifahamu. Silinda moja ya dizeli haina tofauti kubwa na injini za mashine za kusaga na za pampu ambazo fundi huyo amezifungua mara nyingi. Pili, liweze kuvuta tela la maji, mchanga na kuni, na kuzungusha pampu kwa mkanda, kwani hizo ndizo kazi zisizoisha. Tatu, badala ya plau linalogeuza udongo wote, linunuliwe pamoja na jino la kupasulia ardhi kwa mstari mwembamba, ili maji yazame penye mbegu na pengine pabaki pagumu. Nne, muuzaji aoneshe vipuri rafuni mwake kabla ya kupokea shilingi. Ahadi yake isipokewe badala ya vipuri.

Kwenu walimu wenzangu na wanafunzi nina ombi. Somo la kilimo lisiishie daftarini. Kila shule yetu ina kipande cha ardhi. Chukueni kopo lililonyooka pande zote, liwekeni uwanjani, pimeni mvua kwa rula kila asubuhi, mwandike. Pimeni paa la darasa pia: mabati yenye eneo la mita za mraba 60, yakipata milimita 250 kwa mwaka, hupokea lita 15,000. Kisha pandeni vipande viwili vya kunde, kimoja kimelimwa chote na kingine kina matuta yanayonyweshwa na ardhi isiyolimwa, mwone kipi kitakachowashibisha. Mtoto atakayefanya hesabu hiyo akiwa na miaka 13 hatadanganywa na karatasi ya rangi akiwa na miaka 60.

Nilipomrudia mwenzangu nilimweleza haya yote, nikamshauri anunue tangi la maji, awalipe vijana wamchimbie matuta, aongeze mbuzi wachache, na fedha iliyobaki aiache benki kwa misimu miwili. Mwaka wa tatu, kama shamba litakuwa limemzidi nguvu, tutakaa tena juu ya mkeka ule ule.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, “Yaani, Mwalimu, nimefundisha miaka yote hii ili nilime nusu ekari?”

Nikamwambia, “Mzee, nusu ekari inayovunwa.”

Hakunijibu. Aliikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni.