Eti Yote Yanajulikana

Katika hitima moja niliyohudhuria mjini Singida, mzee mmoja mwenye hadhi yake, aliposikia kwamba vijana wa chuo wamefika Ikungi kuuliza jinsi mashauri ya watoto na ya ndoa yanavyoamuliwa, alijifuta mchuzi mdomoni akatamka kuwa utafiti wa mambo ya nyumbani ni upuuzi mtupu, kwani yote yanajulikana. Na jamvi zima likamwitikia kama maamuma. Nilinyamaza kwa heshima ya marehemu. Hapa sinyamazi.

Yanajulikana! Basi na tuulizane habari za lawalawa. Sheria ya mwaka 1998 ilipoharamisha kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18, ikamwekea mkosaji kifungo cha miaka 5 hadi 15, wengi walidhani kwamba, maadamu ngoma zimefifia, na ada yenyewe imekufa. Kumbe kisu kilihamia kwa watoto wachanga, kwa kisingizio cha maradhi hayo ya lawalawa, yaani muwasho wa sehemu za siri ambao muuguzi huuondoa kwa usafi na dawa, ilhali bibi huapa kwamba hautibiki ila kwa kukata. Hakimu angejuaje? Yeye hungoja mlalamikaji, na mlalamikaji yumo mgongoni mwa mamaye, na mashahidi wote ni mama, bibi na ngariba. Wenye madaftari, waliowahoji wakunga na mangariba, ndio waliotuandikia haya. Na uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ukakuta kwamba, katika kila wanawake 100 wa Singida wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 31 wamekeketwa.

Wako wasemao kwamba babu zetu waliamua mashauri chini ya mti pasipo dodoso. Naam, na waliyaamua vyema yale yaliyofika chini ya mti.

Laiti mzee angeghadhibikia jambo la haki! Ripoti hizi huandikwa kwa Kiingereza, zikazinduliwa Dodoma katika kumbi za viyoyozi na bahasha za posho, hata afisa ustawi wa jamii wa Mkalama, ambaye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka awepo Mahakama ya Watoto inapoketi, asiuone ukurasa mmoja. Nazo mahakama zenyewe zimekwisha kuamriwa, tangu mwaka 2021, zitumie Kiswahili. Watafiti wetu wanamwandikia nani?

Lakini kosa la lugha haliwi hoja ya kuacha kuuliza. Mzee wetu na atutajie hakimu aliyewahi kujiwa na mtoto wa miezi mitatu, aliyefunga safari kutoka Ikungi kuja kumshitaki bibi yake.