Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Meno ya Watoto Yapangiwe Tarehe

Mheshimiwa Waziri,

Kila meno ya watoto wetu yanapozungumziwa, husikika kauli kwamba wazazi hawako tayari kulipia kinga, wanasubiri mpaka jino lioze. Kwamba tunasubiri ni kweli. Kwamba hatuko tayari kulipa, nakataa.

Tazama hili la meno ya plastiki. Mtoto wa miezi sita anaharisha, mwili unachemka, fizi zimevimba kidogo. Jirani anasema hayo ni meno ya plastiki, na kabla jua halijazama mtoto keshafikishwa kwa mganga, fizi inachokonolewa kwa kitu chenye ncha na kichipukizi cha chonge kinang'olewa. Madaktari wamesema miaka nenda rudi kwamba meno ya plastiki hayapo, kinachotolewa pale ni jino halisi ambalo halijakomaa. Hata hivyo wazazi wanalipa, tena taslimu. Huwezi kusema watu hao hawajali vinywa vya watoto wao. Mganga aliwawahi tu.

Sasa njoo kliniki ya mama na mtoto, asubuhi, mabenchi yamejaa mpaka nje. Akina mama wanajua kwamba chanjo ya surua na rubella ni miezi 9, na kwamba inarudiwa miezi 18, maana tarehe imeandikwa kwenye kadi. Kwenye kadi ya mwanangu sikuona mstari wa meno. Nesi alimpima uzito, akamchoma sindano, akaandika siku ya kurudi. Mdomo hakuugusa, na simlaumu; hakuna aliyemwagiza.

Kwa hiyo wengi wetu tunamwona daktari wa meno kwa mara ya kwanza siku mtoto amekesha akilia, shavu limevimba. Hapo tunawekewa bei mbili, ya kung'oa na ya kuziba, nasi tunachagua kung'oa: si litaota jingine? Kumbe gego la kwanza la ukubwani huota kwenye miaka sita, nyuma kabisa, bila kuangusha jino lolote. Mzazi hulidhani la utotoni, linang'olewa, na hilo halioti tena.

Kinga yenyewe haina makuu. Ni kupiga mswaki kwa dawa yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, na kupakwa floridi na mtaalamu mara mbili kwa mwaka, kazi ya dakika chache isiyohitaji ganzi. (Wenzetu wa Arusha na Manyara, ambako maji ya sehemu nyingi yana floridi kupita kiasi, wapate kwanza ushauri wa daktari.) Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu.

Ninachoomba ni hiki. Mtoto anapoletwa kwa chanjo ya miezi 9 na ya miezi 18, nesi amwinulie mdomo wa juu atazame kama kuna madoa meupe kwenye meno, karibu na fizi. Ndiyo dalili ya mwanzo ya kuoza, na hapo bado kunazuilika. Aandike kwenye kadi, ampe mzazi tarehe ya kwenda chumba cha meno. Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ipo, kupaka floridi kutajwe kwa jina katika kitita cha mafao ya watoto.

Kwa asiye na bima, bei ibandikwe ukutani. Niliwahi kuuliza mapokezi ya hospitali moja, nikiwa na hela mfukoni, ni shilingi ngapi kumpaka mtoto floridi. Nikajibiwa: "Mlete akiumwa, baba."

Wako,
Mzazi, Mbagala, Dar es Salaam