Tusisomee Saikolojia Kwenye Sinema

Ndugu zangu wasomaji, nianze kwa kukiri. Mwaka wangu wa pili hapa nilimaliza muhula mzima silali vizuri. Chuo kina ofisi ya ushauri nasaha, tena bure, hatua chache tu kutoka maktaba. Sikwenda. Kisa? Sinema.

Msicheke. Wengi wetu saikolojia hatukuikuta darasani, tumeikuta kwenye video. Nyumbani tulikuwa na utani wa "utapelekwa Mirembe" au "Mathari", mengine yote tukafundishwa na Hollywood. Mwalimu wangu mimi ni One Flew Over the Cuckoo's Nest ya mwaka 1975. Walioiona wanajua: Jack Nicholson analazwa kitandani na kupigwa shoti ya umeme akiwa macho, adhabu ya vurugu wodini. Basi kichwani mwangu kila anayeuliza habari za akili za mtu akawa yule nesi. Kumbe siku hizi mgonjwa huchomwa kwanza sindano ya usingizi, na tiba hiyo ni zaidi kwa wenye sonona kali. Mtu anayekoseshwa usingizi na mitihani na simu za nyumbani haimhusu.

Hata zile sinema nzuri zinapotosha. A Beautiful Mind (2001) ilinitoa machozi. Lakini John Nash wa kweli alikuwa akisikia sauti. Yule rafiki wa chumbani tunayemwona ni wa kutungwa. Tena kwenye filamu anasema anatumia dawa mpya, wakati mwenyewe alieleza kwamba aliacha dawa mwaka 1970. Nia inaweza kuwa nzuri, maana kuacha dawa bila daktari ni hatari, lakini hiyo siyo historia yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi niliumbuliwa na matokeo ya mtihani, ndipo nikaenda. Safari hii nilitegemea mambo ya Good Will Hunting (1997): Robin Williams anarudia sentensi moja, kijana analia, mzigo unatua. Wapi! Mama mmoja aliniuliza nalala saa ngapi, nakula nini, wiki hii nimeongea na nani. Tulionana mara sita. Usingizi ukarudi polepole.

Sisemi tuache kuangalia sinema, mimi mwenyewe sitaacha. Ila sinema inataka kisa, na shida nyingi za akili hazina kisa. Ni mtu kakaa chumbani, pazia limefungwa, simu hapokei. Nani atanunua tiketi kuangalia hayo? Lakini mtu huyo anaweza kuwa jirani yako bwenini. Kama kuna mwenzetu haonekani tena mikutanoni, usingoje apige kelele kama wa kwenye filamu. Mgongee mlango, kisha msindikize mpaka ile ofisi. Mimi ningepata wa kunisindikiza, nisingepoteza muhula.

Hayo ni maoni yangu. Anayepinga, kalamu hiyo, tukutane toleo lijalo.