DAFTARI LA MISHAHARA LIFUNGULIWE!

Ndugu wanachama,

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: na haki bila daftari hupotea vivyo hivyo.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 23, yatamka kwamba kila mtu anayo haki ya ujira unaolingana na kazi yake pasipo ubaguzi. Mwaka 2002 Tanzania iliridhia Mkataba nambari 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa tangu 1951, utakao mwanamume na mwanamke walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Maneno matamu hayo! Walakini twauliza: mwanamke atandikaye vitanda katika hoteli ya pwani atajuaje kama amepunjwa, ilhali mishahara ya wenziwe ni siri ya afisi? Sheria yamwambia, "Dai haki yako," na ufunguo wa sanduku la ushahidi umo mfukoni mwa mwajiri.

Tazameni Uingereza, iliyotuweka chini ya himaya yake hadi 1963. Mwaka 1968 wanawake washonao viti vya magari katika kiwanda cha Ford, Dagenham, waligoma. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya malipo sawa, nayo ikaanza kazi mwisho wa 1975. Ikapita miaka zaidi ya arubaini, na pengo halijazibika. Ndipo mwaka 2017 kila mwajiri mwenye watumishi 250 au zaidi akalazimishwa kutangaza kila mwaka tofauti ya malipo baina ya wanaume na wanawake. Tena atakiwa awapange watumishi wote kwa mishahara yao, awagawe mafungu manne, aseme wanawake wangapi wako juu na wangapi wako chini.

Mwaka huo huo Shirika la Utangazaji la BBC lilitakiwa litaje watangazaji wake wapatao zaidi ya pauni 150,000. Siri ikafichuka. Bibi Carrie Gracie, mhariri wake wa China, akaona kwamba wanaume wenye cheo kama chake walilipwa kumzidi. Januari 2018 akaacha cheo kile hadharani, na kabla mwaka haujesha shirika likamwomba radhi na kumlipa malimbikizo yake. Aliyemfungulia mlango ni orodha ile.

Waajiri watasema, "Mshahara ni siri ya mtu." Twajibu: hapana atakaye jina la mtu, twataka hesabu ya jumla. Watasema, "Wanawake wamo katika kazi za chini, ndiyo maana." Twajibu: basi hesabu itoke tuione! Kama fungu la chini limejaa kina mama na fungu la juu limejaa kina baba, twataka kujua ni nani apandishaye watu vyeo, na kwa kipimo gani.

Walakini tusiige kila kitu. Sheria ya Uingereza yamtaka mwajiri atangaze tu, haimlazimishi kurekebisha. Na Machi 2020, maradhi ya korona yalipoingia, utekelezaji wake ulisimamishwa mara moja. Tena kwetu, kiwango cha watumishi 250 kitamwachia kila mwenye hoteli ya watu 240 apite akicheka. Wenzetu wa kisiwa cha Iceland walikwenda mbali zaidi: sheria iliyoanza Januari 2018 ilimtaka mwajiri mwenye watumishi 25 au zaidi athibitishe mwenyewe kwamba halipi kwa ubaguzi, na asiyetii aweza kutozwa faini ya kila siku. Mzigo wa ushahidi ukatoka kichwani kwa mnyonge, ukatua begani kwa tajiri.

Basi Wawakilishi wetu wadai haya Barazani. Kwanza, kila mwajiri mwenye watumishi 25 au zaidi, Serikali na mashirika yake yakiwa mbele, atangaze hesabu hiyo kila mwaka. Pili, ibandikwe mahali pa kazi, kwa Kiswahili kisomwacho na kila mtu. Tatu, palipo na pengo, mwajiri aeleze sababu, apewe muda wa kulirekebisha, na akipuuza atozwe faini.

Na chama chetu, ndugu zangu, kianze na afisi zake chenyewe. Atakaye kufungua daftari la jirani hana budi kufungua lake kwanza. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Daftari lifunguliwe!