Kabla Hamjamhamisha Mtoto Shule

Shule zikifunguliwa Septemba, baadhi ya familia za jumuiya yetu hazitakuwa tena London. Kazi za hospitali na za kulea wazee zimewaita kwenye miji midogo ya Cornwall na Cumbria. Kwa sensa ya 2021, karibu watu 97 katika kila 100 wa Cornwall ni Wazungu. Mtoto aliyezoea darasa lenye Wasomali, Wanigeria na Waturuki huenda akawa Mweusi peke yake darasani. Wazazi wanatuuliza: ni sawa kuwahamisha watoto?

Msimamo wetu ni kwamba riziki ifuatwe, ila mtoto asibebeshwe mzigo wa watu wazima.

Wengi wetu hukimbilia ripoti ya Ofsted, wakaguzi wa shule. Isomeni, lakini haitawaambia mwalimu atafanya nini siku mtoto wenu akiitwa nyani uwanjani. Nendeni mkaonane na mwalimu mkuu, mmuulize kesi ya mwisho ya ubaguzi aliimalizaje. Akisema kwake mambo hayo hayapo, mjue huenda hakuna aliyewahi kuyaandika. Ulizeni pia kanuni za nywele. Shule inayokataza afro au nywele za kusuka bila kujali asili ya mtoto inaweza kuwa inavunja Sheria ya Usawa ya 2010. Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ilitoa mwongozo kuhusu jambo hilo Oktoba 2022.

Nyumbani nako tujirekebishe. Mtoto akirudi amenuna, sisi tuliokuzwa kwa neno "vumilia" humpa neno hilo hilo, kisha tunawahi zamu ya usiku. Msikilizeni kwanza. Andikeni tarehe, maneno yaliyosemwa na mwalimu aliyeambiwa, mpeleke malalamiko kwa maandishi: kwa mwalimu wa darasa, kwa mkuu, kisha kwa bodi ya shule. Na Oktoba, Mwezi wa Historia ya Watu Weusi, mtoto aliyezaliwa Lewisham, London, akiombwa aeleze Afrika nzima mbele ya darasa, ana haki ya kukataa.

Haya hayafanywi na mzazi mmoja. Mwaka 1971 Bernard Coard, mwalimu kutoka Grenada, alichapisha kijitabu kilichoonyesha jinsi watoto wa Karibiani hapa Uingereza walivyokuwa wakirundikwa katika shule za watoto waliodhaniwa kuwa na upungufu wa akili. Wazazi walipinga, na shule zao za Jumamosi zikaenea, zikiwafundisha watoto hesabu, kusoma na historia yao. Walifanya hivyo wakiwa vibarua, manesi na makondakta wa mabasi, watu waliokuwa na nafasi ndogo kuliko sisi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa mkutano mkuu. Darasa letu la Kiswahili la Jumamosi lirushwe pia kwa video, ili waliohama wabaki na wenzao. Kila familia inayohama ipate familia mwenyeji London itakayowapokea watoto wakati wa likizo. Na mzazi anayeitwa shuleni kwa kesi ya ubaguzi asiende peke yake. Mjumbe wa kamati amsindikize, hata kama ni safari ya treni ya saa tano.

Mnaohama, mpeni katibu anwani mpya na jina la shule kabla ya mwisho wa Julai. Nauli ya mjumbe itoke kwenye mfuko wetu wa pamoja, ule ule tunaouchangia misibani.