Mwandiko nao utibiwe

Mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson akishika kalamu, mara nyingi maneno ya kwanza husomeka vizuri. Akifika katikati ya mstari herufi zimesinyaa na kubanana, na mwishoni hata yeye mwenyewe hawezi kuzisoma. Hali hii huitwa mikrografia. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo, zimepungua, na mkono umepoteza kipimo cha ukubwa wa mwendo wake. Wengi huliona hili kuwa dogo mbele ya kutetemeka na kuanguka. Sisi tunasema mwandiko nao ni wa kutibiwa, na mazoezi yake yaandikwe kwenye cheti cha mgonjwa kama yanavyoandikwa mazoezi ya kutembea.

Ushahidi upo. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba mgonjwa akiwekewa alama za kumwonyesha ukubwa wa herufi, au akikumbushwa kwa sauti aandike kwa ukubwa, mwandiko hukua. Sababu ni kwamba kuandika kwa mazoea hutegemea sehemu ile ile ya ubongo iliyodhurika. Kuandika kwa kukusudia hupitia njia nyingine. Mwaka 2016 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya mazoezi ya nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki sita: herufi zilikua, na nafuu hiyo ilikuwapo hata wiki sita baada ya mazoezi kwisha.

Wapo watakaosema dawa kwanza. Ni kweli, na hatutaki mazoezi ya mwandiko yawe kisingizio cha kukosa dawa ya levodopa. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta wengi wa wagonjwa hawajawahi hata kuambiwa wanaugua nini, sembuse kupewa dawa yake. Lakini hata anayepata dawa, mwandiko haurudi wote. Wengine watasema siku hizi kuna simu. Simu haimsaidii mstaafu ambaye sahihi yake benki haiitambui tena, pensheni ikakwama kwa ajili ya herufi chache. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba fikra zikihama, herufi husinyaa tena. Ndiyo maana zoezi lifanywe dawa inapokuwa imeshika, pasipo maongezi, kwenye karatasi ya mistari mipana, na sahihi iwemo katika zoezi la kila siku.